Uzi maalumu: mwaka wa nne na Swift Sport ya gia za mkono, Tegeta hadi Posta kila siku

Gia ya Tatu

Wakuu, habari za leo.

Haupiti mwezi hapa jukwaani bila mtu kuja na swali lile lile: nimeona kigari kidogo chenye moto, je, naweza kwenda nacho kazini kila siku au kitanifilisi? Wanaojibu wengi hawajawahi kukimiliki. Huyu anasema spea hakuna, yule anasema kinakunywa mafuta kama V8, na muulizaji anaishia kununua gari asiyoipenda. Mimi ninayo, naiendesha Jumatatu hadi Jumamosi, nimeingia mwaka wa nne. Naweka hapa nilichokiona kwa macho yangu, kizuri na kibaya.

Gari ni Suzuki Swift Sport ya 2008, chesisi ZC31S, gia tano za mkono, milango mitano. Injini ni M16A, cc 1,586, haina tabo. Nguvu farasi 125, na zote hazifiki mpaka injini izunguke 6,800 kwa dakika. Uzito ni tani moja na kilo chache tu. Crown ya jirani yako ina nguvu kuliko hii, hilo halina ubishi. Raha ya hachibaki (vigari vifupi vyenye mlango wa buti unaofunguka pamoja na kioo) za aina hii inatoka kwenye wepesi. Unakata usukani kidogo tu na pua imeshageuka. Hukai ukisubiri gari iamue.

Njia yangu: natoka Tegeta saa kumi na moja na nusu alfajiri, nashuka Africana, Kawe, nashika Barabara ya Mwai Kibaki, kisha Daraja la Tanzanite hadi mjini. Pale darajani alfajiri, bahari iko kushoto, gia ya tatu, dirisha nusu, sindano ya mwendo haijafika hata 60. Injini inaimba na wewe unaisikia kwenye kiti na mikononi. Nimeendesha gari za watu zenye nguvu mara mbili ya hii na katika mwendo huo huo zilikuwa kimya kama friji. Kwa mtu anayeishi Dar hilo ndilo la maana, kwa sababu mwendo wa 150 hapa utaupata wapi? Utamu inabidi upatikane kwenye 40 na 50, na hii gari inakupa.

Sasa jioni. Kurudi ni foleni, na klachi ndiyo inayolia. Kutoka Mwenge kwenda Tegeta kuna siku nimetumia saa mbili, na mguu wa kushoto unajua. Nilichojifunza: usiikalie klachi. Gari ikisimama, toa gia, weka breki ya mkono, pumzisha mguu. Usiisogeze kwa nusu klachi kila mwenye IST aliye mbele akisogea futi tatu. Acha nafasi ifunguke, kisha ingia gia ya kwanza na uachie klachi yote. Mwenye gari kabla yangu nadhani hakujua hilo, maana miezi sita baada ya kuinunua beringi ya klachi ilianza kulia. Asubuhi ya baridi ulikuwa mlio mwembamba unaokatika ukikanyaga pedali. Nilishusha giaboksi nikabadilisha seti nzima, yaani sahani, presha na beringi. Msibadilishe kimoja kimoja, kwa sababu gharama kubwa ni kushusha na kupandisha, na utailipa mara mbili.

Uvungu. Hapa niseme kweli, hii gari iko chini, na bampa la mbele lina mdomo uliochongoka. Matuta ya lami ya barabara kuu inavuka vizuri. Shida ni yale ya mitaani, ambayo wananchi wamejenga wenyewe kwa zege baada ya mtoto kugongwa. Hayo navuka kiubavu: tairi moja linatangulia, jingine linafuata, taratibu kabisa. Nikiwa na abiria wanne wazito, kuna tuta moja mtaani kwetu nalikwepa kwa kuzunguka msikitini. Mvua za masika zikianza sipiti kwenye maji nisiyoyajua kina. Njia ya kuvutia hewa iko mbele na maji yakiingia kwenye injini hakuna fundi wa kukuokoa.

Mwaka jana mwezi wa nne, Mbezi Beach, usiku, dimbwi lilikuwa limefunika shimo. Nilisikia kishindo kimoja tu, usukani ukaanza kutetemeka. Asubuhi nikaona rimu imekunjika ukingo wa ndani na tairi limeota uvimbe ubavuni, ukubwa wa nusu limao. Rimu ilinyooshwa. Tairi nililitupa, na naomba mtu asikudanganye kwamba uvimbe huo unaweza kuendelea nao mpaka mwisho wa mwezi. Nyuzi za ndani zimeshakatika, limebaki raba tu. Tairi zake ni 195/50R16. Ukuta wake ni mfupi, ndiyo maana inakata kona vizuri, na ndiyo maana shimo linafika kwenye rimu moja kwa moja. Upepo napima kila Jumapili, baridi, kabla sijatoka nyumbani.

Jambo lililoniuma kuliko yote kwa miaka hii minne ni shokapu. Za mbele zilichoka, nikaenda gereji moja, sitaitaja, nikaambiwa zipo, "za Swift zote ni moja". Nililipa. Nikatoka, na kwenye taa za kwanza tu nilipokanyaga breki pua ilizama, mkia ukanyanyuka. Kwenye kona gari ikawa inayumba kama boti la Kigamboni. Nilihisi mtu amenichukulia gari yangu akanirudishia nyingine yenye rangi ile ile. Kumbe waliweka za Swift ya kawaida, laini, na springi zangu zikawa zinazishinda nguvu. Niliporudi, jibu likawa "utazoea". Wakuu, nilikaa na hali hiyo wiki tano mpaka nilipopata seti ya Sport iliyotumika, nzima, kutoka kwa muuzaji wa spea za Japani. Siku zilipofungwa nilizunguka mara tatu ile ruandabauti ya karibu na nyumbani, usiku, bila haraka, nifurahi tu. Kwa hiyo ukienda kwa fundi nenda na namba ya chesisi, na kama unaweza simama hapo hapo uione inayotoka na inayoingia zimewekwa pamoja chini.

Mafuta: mjini napata kilomita 10 hadi 11 kwa lita, safari 14 hadi 15 nikitulia. Mgandamizo wa injini ni 11.1 kwa 1 na Japani inaelekezwa petroli ya okteni ya juu, kwa hiyo usiinyweshe mafuta ya kwenye madumu ya barabarani. Oili 5W-30, lita nne na kidogo, nabadilisha kila kilomita 5,000. Injini hii inatumia cheni kuendesha vali, haina mkanda wa kukatika, lakini cheni inaishi kwa oili. Pima kijiti kila wiki mbili, maana kama unaipandisha mizunguko mara kwa mara lazima itakula kidogo.

Safari iliyonifanya niamue kwamba siuzi: Lushoto, Desemba. Tulitoka Tegeta kwa njia ya Bagamoyo, Msata, Segera, Korogwe hadi Mombo. Barabara kuu si mahali pake pa kujidai. Ukiwa 100 gia ya tano injini inazunguka karibu 3,000, kelele za tairi zipo, na vijiji ni vingi, kila kimoja na kibao chake cha 50 na askari wake mwenye tochi ya kupimia mwendo. Faini ni elfu 30, na hata bila tochi, watoto wa shule wanavuka. Lakini ukikunja kulia Mombo kupanda Soni! Kilomita thelathini na kitu, mlima upande mmoja, bonde upande mwingine, kona baada ya kona, barabara nyembamba. Gia ya pili, ya tatu, ya pili. Sikuzidi 50, sikupita gari kwenye kona, napiga honi kila pasipoonekana. Na bado nilifika juu natabasamu, na mke wangu, ambaye gari kwake ni chombo cha kumfikisha, akasema "leo nimeelewa". Kurudi tulikunja siti za nyuma tukajaza kabichi, matunda damu na mapeasi mpaka dirishani.

Nitajibu maswali kadiri nitakavyoweza.

Kijana Kihonda

Mkuu uzi umeshiba. Mimi natafuta ya kwangu, nimeona moja iko Kinondoni, bei nzuri, imeandikwa Sport mlangoni na ina bampa lenyewe. Otomatiki. Niichukue?

Spana 17

Kihonda, subiri kwanza kaka. Mimi ni fundi, Swift nazishika kila wiki. Bampa na vibandiko vinauzwa. Fungua boneti, tafuta kibati cha chesisi. ZC11S ni 1.3, ZC21S ni 1.5, ZC71S ni 1.2. Sport ya umbo lile ni ZC31S peke yake. Njia nyingine ya haraka: hesabu nati za tairi. Sport ina tano, za kawaida zina nne. Angalia na breki za nyuma, Sport ina diski, za kawaida nyingi zina dramu. Otomatiki ya ZC31S ipo kweli, ni gia nne, na nguvu ya injini inakaa juu sana kwa giaboksi ya gia nne. Itakufikisha, lakini utamu anaousema mwenye uzi nusu yake umeachwa Japani.

Mwenye uzi, naongezea kwako: nati tano maana yake hata rimu za Swift ya kawaida hazikai. Nimeshaona mtu kanunua rimu nne nzuri kabisa, zikamkatalia getini kwangu.

Gia ya Tatu

Fundi shikamoo, umenisaidia sana. Hilo la nati nilitakiwa niliweke juu kabisa.

Mama Wawili

Habari zenu. Mimi ni mwanamke, ninaendesha mwenyewe, nina watoto wawili, mmoja bado wa kiti chake. Hizi gari nazipenda tangu siku nyingi ila kila nikimwambia mtu ananiambia "nunua Noah". Naomba unijibu kweli kaka yangu, siti ya nyuma inakaliwa? Na migongo ya watoto inaumia?

Gia ya Tatu

Dada, asante kwa swali hili, nilipaswa kulianza mwenyewe.

Siti ya nyuma inakaliwa na watu wazima wawili, wa tatu ni wa safari fupi. Kiti cha mtoto nimekifunga nyuma ya abiria. Kikiangalia nyuma, abiria wa mbele inabidi asogeze siti yake mbele kidogo na magoti yake yatagusa droo. Mtoto akishafikia kiti cha kuangalia mbele, hiyo shida inaisha. Milango mitano inasaidia sana. Za Ulaya za umbo hili ni milango mitatu, hizo kwako zingekuwa mateso.

Buti ni dogo. Kigari cha kusukuma mtoto kinachokunjwa kinaingia na mfuko mmoja wa sokoni, basi. Gunia la mchele linahitaji ukunje upande mmoja wa siti.

Kuhusu migongo: ngumu ni ngumu, ila haipigi. Shokapu nzima na upepo sahihi, mtoto wangu analala kutoka Kawe hadi nyumbani. Zile zinazoumiza watu ni zilizoshushwa na springi za kukatwa. Ukikuta imeshushwa, usinunue hata kama rangi inang'aa.

Mama Wawili

Nashukuru sana. Droo na magoti nimekuelewa, mume wangu ni mrefu, atakaa nyuma yeye.

Mwana wa Likoni

Nawasalimu ndugu zangu wa Bara kutoka Mombasa. Huku kwetu sheria ni miaka minane, gari ikizidi hapo haiingii bandarini, kwa hivyo ZC31S mpya kutoka Japani hatuletewi tena, ni hizi zilizoingia zamani zinauzwa mkono kwa mkono. Wanaoagiza sasa wanaagiza ZC33S, ile ya tabo ya 1.4. Farasi 140 lakini msukumo ni Nm 230, na ya gia za mkono ina kilo 970 pekee. Rafiki yangu anayo. Haihitaji kuipandisha mizunguko kama yako. Kwenye 2,500 imeshakusukuma.

Mimi nina Volkswagen Golf GTI ya Mk5, yaani toleo la tano. Lita mbili, tabo, farasi 200. Natoka Likoni kila siku na feri, kazi yangu iko Changamwe. Nakubaliana nawe kuhusu utamu wa mwendo mdogo, ila kwa Golf inabidi mtu awe na daftari. Giaboksi ya DSG (otomatiki yenye klachi mbili) ya gia sita inataka oili na chujio lake kila kilomita 60,000. Aliyeniuzia hakuwahi kuibadilisha, ikawa inaruka ikitoka ya kwanza kwenda ya pili, hasa nikiingia kwenye pantoni ambapo unatambaa. Nilibadilisha oili ikapona kwa kiasi kikubwa, Mungu saidia. Pia injini hiyo ina mkanda, na ile pampu ya mafuta ya presha kubwa ina kikombe kidogo kinachosuguana na kemshafti, ule mtaimbo unaofungua vali. Kifunguliwe kiangaliwe kabla ya kununua. Kikitoboka kinaharibu pampu na kemshafti pamoja.

Swali langu: joto. Kiyoyozi kikiwaka, 1.6 isiyo na tabo inavuta?

Gia ya Tatu

Karibu sana ndugu yangu. Kiyoyozi kinaonekana. Mwezi wa pili, saa nane mchana, abiria wanne, kutoka kwenye taa inabidi uikanyage zaidi na gia ya kwanza uivute kidogo kabla ya kuweka ya pili. Ikishakwenda husikii tofauti. Joto la injini halijawahi kupanda, ila maji ya rejeta naweka yenye dawa yake, sijawahi kuweka ya bomba. Feni ikianza kuchelewa kuwaka, usisubiri.

Huo msukumo wa ZC33S nauamini. Niliwahi kukaa abiria ndani ya moja. Inavuta kutoka chini kabisa, kwenye foleni ni rahisi kuliko yangu. Kwa mtu anayeanza leo na mwenye fedha, nadhani ndiyo bora kwa matumizi ya kila siku. Yangu naipenda kwa sababu inanidai nifanye kazi.

Kipara wa Ubungo

Mkuu kwa nini usingechukua Vitz RS? 1.5, gia tano za mkono, injini 1NZ ambayo spea zake zipo mpaka kijijini. Nguvu zimepishana farasi kumi na kitu tu.

Gia ya Tatu

Hoja yako ni nzito mkuu na sitaipinga kwa ushabiki. Kwa mtu anayekaa mkoani mbali na spea, Vitz RS ningemshauri mimi mwenyewe. Nimeiendesha ya mdogo wangu. Injini ni imara, inatii. Tofauti niliyoiona iko kwenye bodi na usukani: Swift imekaza zaidi, ukiingia kona nyuma inakuja pamoja na mbele. Na siti zake zinakushika mbavu. Hayo mtu anaweza kusema ni mambo madogo, lakini mimi nakaa kwenye kile kiti saa tatu kwa siku.

Spea za Swift Sport zinazofanana na Swift nyingine unazipata kwa urahisi. Zisizofanana ni shokapu, springi, klachi, diski na mfumo wa moshi, hizo ziagize mapema kabla hazijakufa. Mimi nina shelfu moja stoo yenye pedi za mbele, plagi nne, stabilaiza linki mbili na vichujio. Nikipata fedha kidogo, naongeza kimoja.

Spana 17

Hiyo ya shelfu wateja wangu wote wangeifanya ningelala usingizi mzuri.

Kijana Kihonda

Wakuu narudi na mrejesho. Leo nimekuja Dar, nimeenda Kinondoni kuangalia ile gari. Nimefanya kama fundi alivyosema. Nati: nne. Nikafungua boneti, kibati: ZC71S. Yaani ni 1.2 iliyovalishwa bampa. Muuzaji aliponiona nasoma kibati akaanza kushusha bei mwenyewe, nikamwambia asante nikaondoka. Nilikuwa nimeshatoa fedha benki asubuhi.

Gia ya Tatu

Mungu ni mwema. 1.2 ile ni gari nzuri ya kawaida na haina kosa lolote, kosa ni kuuziwa kwa bei ya Sport.

Rudisha fedha benki kwanza. Kisha ukiipata nyingine nipigie picha tatu: kibati, nati za tairi la nyuma, na sehemu ya chini ya bampa la mbele upande wa kushoto. Hiyo ya tatu itatuambia aliyeitumia alikuwa anavuka matuta namna gani. Na ukija kuiwasha, uje asubuhi kabla hawajaipasha moto, ukanyage klachi mara tano taratibu na usikilize. Jumamosi nina nafasi kuanzia saa nne, kama itakuwa upande wa Mwenge au Tegeta nitakuja tuiangalie pamoja.

Kijana Kihonda

Ubarikiwe mkuu. Kuna moja nimeona Boko, ya bluu, gia za mkono. Nimemwomba picha ya kibati, nasubiri.